AFYA NYUMBANI: Malengelenge ya Viganja na Nyayo

Mwezi wa Aprili, mvua kubwa inapokwisha kulowesha udongo wa uwanda wa Uasin Gishu, mkulima wa upande wa Eldoret hana nafasi ya kuketi. Mbegu za mahindi hazina budi kuingia ardhini, ng'ombe hawana budi kukamuliwa kabla ya jua kuchomoza, na gari la maziwa halimngoji mtu. Mfano wa nyumba moja ya namna hiyo utatosha kuonyesha jambo linalokusudiwa hapa.

Mtoto wa miaka 2 ameshinda kutwa na homa, wala hakutaka chakula. Siku ya pili yake, mama anapomwogesha, anaona vipele katika viganja vya mikono na katika nyayo, na vingine vina maji ndani yake. Mtoto anadondoka mate, na kila akipewa uji analia na kugeuza uso.

Baba anaitwa kutoka zizini. Anatazama mate, anatazama miguu, na moyo unamruka. "Mama watoto," asema, "huu ndio ule ule wa ng'ombe. Ng'ombe wa jirani walidondoka mate hivi hivi, na soko la mifugo likafungwa." Nyanya yake mtoto, aliyeketi karibu na meko, ana shauri lingine. "La, mwanangu," ajibu, "hiyo ni ile ndui mpya iliyotangazwa katika redio. Mfungieni ndani, majirani wasije wakasikia."

Watu wazima wawili wametoa maoni mawili, na yote mawili si sahihi. Tena, wakati wanapobishana, hapana hata mmoja aliyeuliza swali lililo kubwa kuliko yote: Je, mtoto huyu amekunywa mara ngapi tangu jana?

UGONJWA WENYEWE

Maradhi ya mtoto huyo huitwa ugonjwa wa mikono, miguu na kinywa. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Virusi hivyo ni vya namna nyingi, na vinavyojulikana zaidi ni Coxsackie A16, Coxsackie A6 na enterovirusi 71. Coxsackie ni jina la mji mdogo katika jimbo la New York, Marekani, na wataalamu waliwapa virusi vya ukoo huo jina la mji huo mwishoni mwa miaka ya 1940. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na madaktari baada ya kuzuka Toronto, nchini Kanada, mwaka 1957, na jina lake ukalipata baada ya kuzuka tena Birmingham, Uingereza, mwaka 1959.

Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5, ingawa wakubwa nao huweza kuupata. Kwa walio wengi si ugonjwa wa kuogofya: huja, huumiza, na baada ya siku 7 hadi 10 huondoka wenyewe. Lakini si kila mara. Enterovirusi 71 huweza kuingia katika ubongo na uti wa mgongo. Sarawak, nchini Malaysia, mwaka 1997, na Taiwan mwaka 1998, watoto walikufa kwa sababu yake. Wachina walitengeneza chanjo dhidi ya virusi hivyo, nayo ikapata kibali nchini mwao mwaka 2015, lakini haikingi dhidi ya virusi vya Coxsackie. Kenya nayo haikusalimika. Madaktari waliandika mwaka 2004 habari za enterovirusi 71 kuenea katika watoto yatima wa Nairobi, waliokuwa pia na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba maradhi haya ni ya nchi za mbali tu.

SI UGONJWA WA NG'OMBE

Baba wa mtoto alidanganywa na mfano wa mambo. Mfugaji yeyote wa Uasin Gishu aujua ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe: mnyama hudondoka mate, huchechemea, hupata malengelenge katika ulimi, katika chuchu na katikati ya kwato, na maziwa hupungua. Mtoto naye anadondoka mate na ana malengelenge miguuni. Hata majina yanafanana. Basi ni nani asiyeweza kukosea?

Walakini hayo ni maradhi mawili yaliyo mbalimbali. Virusi vya ng'ombe viligunduliwa na Wajerumani wawili, Loeffler na Frosch, zamani za mwaka 1898. Virusi hivyo na hivi vya watoto ni vya jamii moja kubwa, kama vile paka na chui walivyo wa jamii moja, lakini kila kimoja kina makao yake na mawindo yake. Ugonjwa wa mtoto hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Hautoki kwa ng'ombe, wala mtoto hawezi kumpa ng'ombe. Huo wa ng'ombe umepata kuonekana kwa wanadamu mara chache mno, kama ulivyoonekana kwa mtu mmoja nchini Uingereza mwaka 1966, na kwa sababu hiyo hausumbui madaktari wa watoto.

Kujua tofauti hii kuna faida iliyo wazi. Kwanza, hapana haja ya kuuza ng'ombe kwa hofu, wala kumnyima mtoto maziwa. Maziwa yaliyochemshwa hayana lawama. Pili, dawa ya zizini ikae zizini. Mrututu wa kuogeshea kwato ni sumu katika kinywa cha mtoto, wala usipakwe katika vidonda vyake. Tatu, ikiwa ng'ombe ndio wanaodondoka mate, mwenye kuitwa ni afisa wa mifugo, naye aitwe upesi, kwa maana mkulima huweza kubeba virusi vya ng'ombe katika viatu na nguo zake akavipeleka katika boma la jirani. Chanjo ya ng'ombe hutengenezwa hapa hapa Kenya, huko Embakasi, lakini ni ya ng'ombe tu. Haimkingi mtoto kwa lolote.

JINSI YA KUUTAMBUA

Tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zionekane hupita siku 3 hadi 6. Kwanza huja homa, mtoto hulegea, hukataa chakula, na akiwa amejua kusema hulalamika kwamba koo lauma. Baada ya siku moja au 2 hutokea madoa madogo kinywani, katika ulimi, katika ufizi na upande wa ndani wa mashavu, nayo hugeuka kuwa vidonda. Hapo ndipo mate huanza kudondoka, kwa sababu kumeza kunaumiza.

Kisha hutokea vipele katika viganja na nyayo, na mara nyingine katika matako, magoti na viwiko. Vingine ni madoa bapa, vingine ni malengelenge madogo yenye umbo la yai. Kwa kawaida haviwashi sana, bali huuma vikiguswa, na mtoto aliyekwisha jua kutembea huweza kukataa kukanyaga chini.

Vitabu vingi husema kwamba vipele hivi ni vyekundu. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu haudhihiri upesi. Kipele huonekana cha rangi ya kahawia, au ya kijivu, au cheusi kuliko ngozi iliyo kando yake. Viganja na nyayo ndipo mahali pazuri pa kutazama, kwa kuwa hapo ngozi ina weupe zaidi. Basi mtoto achukuliwe mlangoni penye mwanga wa jua, akunjuliwe vidole, atazamwe nyayo zote mbili, kisha afumbuliwe kinywa. Mikono, miguu, kinywa: mwenye kutazama mahali pote patatu amekwisha fanya nusu ya kazi ya mganga.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAO

Tetekuwanga huanza zaidi kifuani, mgongoni na usoni, huwasha sana, na vipele vyake ni vichache katika viganja na nyayo.

Upele wa kuwasha huwasha hasa usiku, hukaa katikati ya vidole na katika vifundo vya mikono, na mara nyingi watu kadhaa wa nyumba moja hujikuna pamoja. Kwa watoto wachanga huweza kutokea katika viganja na nyayo, lakini haumletei mtoto vidonda vya kinywani.

Surua huja na kikohozi, kamasi na macho mekundu, na vipele vyake huanzia usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka.

Mtu mzima mwenye madoa katika viganja na nyayo, yasiyouma wala kuwasha, yampasa kupimwa kaswende. Kaswende hujionyesha hivyo wiki kadhaa baada ya kile kidonda cha kwanza ambacho pengine hakukiona. Hapana haja ya kuona haya: penisilini huiponya.

Limebaki lile ambalo nyanya alilihofu. Ndui yenyewe haipo tena duniani. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imekomeshwa. Iliyotangazwa redioni ni mpox, jamaa yake ndui. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyegunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta. Tarehe 14 Agosti 2024, siku moja kabla ya Eldoret kufanywa jiji, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mpox ni dharura kwa ulimwengu. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, ingawa ugonjwa wenyewe haukuwa umetoweka. Madhali barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda hupitia Eldoret, ni vema watu wa hapa waijue.

Vipele vya mpox navyo huweza kutokea katika viganja na nyayo. Lakini mara nyingi mgonjwa huvimba mitoki shingoni, makwapani au kinenani. Vipele vyake ni vigumu vikishikwa, kana kwamba vimezikwa ndani ya ngozi. Huonekana usoni na sehemu za siri pia. Hujaa maji, kisha usaha, kisha hufanya magaga, na kazi hiyo yote huchukua wiki 2 hadi 4. Huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kujamiiana kukiwa ni njia mojawapo, na kwa matandiko ya mgonjwa. Hukaa mwilini hata siku 21 kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo mwenye dalili hizo, au aliyekaa karibu na mgonjwa wa mpox, na aende hospitali mara moja akaseme kweli. Asipoweza kupambanua, asikisie. Kupima ni kazi ya mganga.

HATARI ILIPO

Vipele vya mikononi huogofya macho, lakini ni vidonda vya kinywani vinavyomdhuru mtoto. Mtoto anayeumia akimeza huacha kunywa. Homa nayo inamkausha. Wakubwa wakiwa shambani tangu alfajiri, na mtoto ameachwa kwa dada yake wa miaka 9, siku nzima hupita pasipo hata kikombe kimoja. Jioni baba akirudi huambiwa, "Amelala tu, hakusumbua." Kulala huko si uzima; huenda ni kiu.

Kwa hiyo yampasa mtu mzima mmoja abaki nyumbani kwa siku zile 2 au 3 za vidonda vya kinywani. Ahesabu vikombe, na ahesabu mikojo. Mtoto apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kukawia ikiwa:

1. Hajakojoa kwa muda wa saa 6 hadi 8, au kinywa chake kimekauka, au analia pasipo machozi.
2. Anakataa kabisa kunywa, au anatapika kila anachopewa.
3. Homa imezidi siku 3.
4. Anagutuka gutuka usingizini, anatetemeka, anapepesuka akitembea, au mkono au mguu umelegea.
5. Shingo imekakamaa, ana kifafa, anapumua mbio mbio, au haamki sawasawa.
6. Umri wake haujafika miezi 6, au mwili wake ni dhaifu kwa maradhi mengine.

Dalili za namba 4 na 5 ni za kukimbilia hospitali hata usiku wa manane. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza Eldoret mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo, leo hupokea wagonjwa kutoka sehemu zote za magharibi ya Kenya. Lakini mwenye kukaa Moiben au Turbo asipite zahanati iliyo karibu naye kwa kutamani jengo kubwa. Mganga wa hapo atamtazama mtoto na kumpeleka mbele ikiwa lazima.

MATUNZO

Hapana dawa iuayo virusi hivi. Vidonge vya kuua bakteria havifai kitu hapa, wala sindano. Kinachofaa ni subira yenye kazi. Mtoto apewe kinywaji kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, kila baada ya dakika chache: maji yaliyochemshwa na kupoa, maziwa baridi, uji mwepesi uliopoa. Anyonyaye aendelee kunyonya. Machungwa, vyakula vya chumvi nyingi, chai ya moto, na hata mursik iliyokolea uchachu, vyote humchoma. Vingoje mpaka kinywa kipone. Homa na maumivu hutulizwa kwa dawa ya parasetamoli ya watoto, kwa kipimo kilichoandikwa kwa uzito au umri wake. Aspirini asipewe mtoto kamwe.

Malengelenge yasipasuliwe kwa sindano wala mwiba. Kinywa kisisuguliwe kwa majani, chumvi wala majivu. Anayefanya hivyo humwongezea mtoto sababu ya kukataa kunywa. Baada ya wiki kadhaa huenda kucha za mtoto zikabanduka. Wazazi wengi hapo hudhani ugonjwa umerudi. La, huo ni mkia wa ugonjwa uliokwisha. Kucha mpya huota, wala hazihitaji dawa.

KUZUIA USIENEE

Virusi hukaa katika mate, katika kamasi, katika maji ya malengelenge na katika choo. Mgonjwa huambukiza zaidi katika wiki ya kwanza, lakini chooni virusi huendelea kutoka kwa wiki nyingi baada ya kupona. Kwa hiyo mwenye kubadilisha nepi au kumtawaza mtoto hana budi kunawa kwa maji na sabuni kila mara, tena kabla ya kushika chakula. Dawa ya mikono yenye pombe haiviui vizuri virusi vya namna hii. Sabuni na maji ndio bora. Vikombe, vijiko na vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni, kisha vifutwe kwa dawa ya klorini iliyotiwa maji kama ilivyoandikwa katika chupa, na kusuuzwa.

Mtoto asipelekwe darasa la chekechea maadamu ana homa, anadondoka mate, au malengelenge yake hayajakauka. Hapa ndipo karani wa mjini anapojaribiwa. Hana mtu wa kumwachia mtoto, na mwajiri anamngoja, basi humpaka mtoto mafuta mikononi, humvika soksi, na kumpeleka shuleni kimya kimya. Kwa kufanya hivyo hujiokolea siku moja ya kazi, na huenda wazazi wengine wengi wakaipoteza siku hiyo juma lifuatalo. Afadhali amwambie mwalimu kweli, ili wazazi wengine nao watazame viganja vya watoto wao. Si aibu: ugonjwa huu hauulizi nani msafi na nani mchafu, nani tajiri na nani maskini.

Kule nyumbani kwa yule mkulima, mama hakungoja mabishano yaishe. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda naye zahanati. Mwuguzi alitazama mikono, akatazama nyayo, akamulika kinywa, kisha akauliza, "Mama, amekojoa lini?" Mama akafikiri, akainamisha kichwa, asiweze kujibu. "Basi tuanzie hapo," akasema mwuguzi, akaleta kikombe na kijiko.

Saa moja haikupita mtoto akakojoa. Baba alirudi zizini kukamua ng'ombe wake wazima, na nyanya akafungua mlango aliotaka ufungwe. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Katika maradhi haya kilio huweza kuzuiwa kwa kikombe cha maji, mradi yupo mtu wa kukishika.